Redio za upepo za zamani: kwa nini tujue zilikotoka kabla ya kuzishika

Tarehe 17 Septemba 2024, vifaa vidogo vya kupokea ujumbe vinavyoitwa pejaa vililipuka karibu kwa wakati mmoja katika miji na vijiji vya Lebanon. Kesho yake, tarehe 18, zikafuata redio za upepo. Baadhi zililipuka mazishini, watu wakiwa wamekusanyika kuwazika waliouawa siku iliyotangulia. Kwa siku hizo mbili zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwemo watoto, na maelfu walijeruhiwa, wengi wao macho na mikono.

Picha za mabaki ya redio zile zilisambaa duniani kote. Kwenye mabaki yale lilisomeka jina la kampuni ya Icom ya Osaka, Japani, na modeli ya IC-V82. Kampuni ikatoa taarifa yake: ndiyo, modeli hiyo iliwahi kutengenezwa na kuuzwa nje, Mashariki ya Kati ikiwemo, kuanzia mwaka 2004. Lakini utengenezaji ulisimama Oktoba 2014, pamoja na ule wa betri zake. Tena redio zilizoonekana pichani hazikuwa na kibandiko maalumu kinachong'aa ambacho kampuni hukitumia kutofautisha bidhaa halali na bandia, kwa hiyo haikuweza kuthibitisha kama zilitoka kiwandani kwake.

Hapo ndipo swali linapoanza, msikilizaji. Redio iliyoacha kutengenezwa miaka 10 kabla ilifikaje mikononi mwa watu wale? Nani aliiuza, nani aliifungua katikati ya safari, na nani aliitengenezea betri mpya?

Unaweza kudhani hayo ni mambo ya vita vya mbali. Lakini katika maeneo yetu redio za upepo kuukuu zipo nyingi kuliko tunavyofikiri. Zimo kwenye stoo za zahanati, ofisi za vijiji, vituo vya misheni, mashamba makubwa, hifadhi za wanyama na mialo ya wavuvi. Nyingine zinauzwa mtumba sokoni, nyingine zinapimwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Leo tunachambua zilikotoka, kazi ziliyoifanya kwetu, na jinsi ya kuichunguza moja ukiikuta, bila kujiumiza na bila kuvunja sheria.

Lebanon inatuambia nini

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Redio ya upepo hailipuki kama bomu kwa sababu ni ya zamani. Zile za Lebanon zililipuka kwa sababu ziliwekwa vilipuzi makusudi. Novemba 2024 Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alikiri kwamba aliidhinisha shambulio la pejaa. Desemba mwaka huohuo, watu waliojitambulisha kuwa maofisa wastaafu wa ujasusi wa Israel walikiambia kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kwamba mpango wa redio za upepo ulianza miaka 10 nyuma, na kwamba vilipuzi vilifichwa ndani ya betri.

Angalia walichokichagua. Walitumia modeli inayojulikana, yenye sifa nzuri sokoni, ambayo mnunuzi akiiona haulizi maswali mengi. Mtu akikuletea redio ya jina usilolijua utaigeuzageuza. Akikuletea ya jina kubwa, tena kwa bei ya kuridhisha, unaipokea tu.

Bandia za redio zenye majina makubwa zilikuwepo sokoni kabla ya tukio hilo, na Icom yenyewe imewahi kutoa tahadhari kuhusu vifaa bandia vyenye jina lake. Wengi wanaotengeneza bandia hawana nia ya kuua mtu, wanataka faida. Lakini njia ni ileile: jina la kampuni linabaki kwenye kasha, kilichomo ndani ni cha mtu mwingine. Anayejua historia ya kifaa anaweza kuuliza, "Hii ilikoma mwaka 2014, mbona yako ni mpya kabisa?" Asiyeijua hana la kuuliza.

Redio ya kubeba ilianzaje

Tunaposema redio ya upepo hapa, hatuna maana ya redio unayosikilizia matangazo yetu. Hiyo inapokea tu. Redio ya upepo inapokea na kutuma. Ni ile unayoiona kwa askari wa usalama barabarani au kwa mlinzi, ina antena na kitufe cha pembeni. Unabonyeza kuongea, unaachia kusikiliza. Wengine huiita woki-toki. Kwa kuwa wawili hawawezi kuongea kwa pamoja, kila mmoja anamaliza kwa kusema "ova" ili mwenzake ajue zamu imefika.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mitambo ya aina hii ilikuwa mikubwa mno. Ilihitaji milingoti mirefu na mitambo ya umeme, na ilipotakiwa kusafiri ilibebwa kwa mikokoteni na wanyama. Ukitaka kujua nani wa kwanza kuifanya ibebwe na mtu mmoja, utakuta majina kadhaa yakigombea heshima hiyo. Nchini Kanada, Donald Hings alitengeneza mwaka 1937 redio ya kubeba kwa ajili ya kampuni ya madini ambayo wafanyakazi wake walikuwa wakienda maporini kusiko na simu. Nchini Marekani, kijana aitwaye Al Gross alitengeneza yake ya mkononi mwaka 1938. Na Chicago kulikuwa na kampuni ya Galvin Manufacturing, iliyoanzishwa 1928, ambayo baadaye ilichukua jina la bidhaa yake maarufu: Motorola.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya redio ya kubeba itengenezwe kwa wingi. Galvin ilitengenezea jeshi la Marekani aina mbili zinazochanganywa hadi leo. Ya kwanza, SCR-536, ilishikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, na masafa yake nchi kavu yalikuwa kama kilomita 1 na nusu. Haikuwa na swichi ya kawaida ya kuwashia; ukiivuta antena, inawaka. Ya pili, SCR-300, ilibebwa mgongoni kama begi, ikiwa na uzito wa kilo 14 hadi 17, na ilifika kilomita 5 hivi.

Sasa sikia ajabu yake. Wakati ule jina la woki-toki lilikuwa la ile ya mgongoni, kwa maana ya redio unayoongea nayo huku unatembea. Ya mkononi ilikuwa na jina jingine. Baada ya vita watu walihamisha jina, na leo woki-toki ni ya mkononi. Kwa hiyo mzee akikwambia "tulikuwa na woki-toki", muulize kwanza: ilishikwa au ilibebwa? Jina peke yake linaweza kukupoteza.

Redio hizo zilitumia valvu, yaani taa za kioo ambazo lazima zipate joto ndipo zifanye kazi. Zilikula betri haraka na zilihitaji umeme wa volti nyingi. Mabadiliko yalikuja na transista, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Transista ni ndogo, haina kioo cha kuvunjika, na inatumia umeme kidogo. Mwaka 1962 Motorola ilitoa HT-200, redio ya mkononi iliyotumia transista tupu. Ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 1, na watumiaji waliipa jina la utani la tofali. Ukiiona utakubaliana nao.

Jeshini mabadiliko yalikwenda hatua kwa hatua. Redio ya mgongoni ya PRC-25, iliyotumiwa sana katika vita vya Vietnam, ilikuwa na chaneli 920 na ilibaki na valvu moja tu. Mrithi wake, PRC-77, hakuwa na valvu hata moja. Kwa nje zinafanana kama pacha. Tofauti yao unaipata ndani au kwenye kibao cha jina.

Kwetu: mlingoti, daktari na mkunga

Afrika Mashariki ilionja uzito wa redio ya upepo mapema. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam. Shabaha yake ilikuwa kituo cha redio ya upepo cha Wajerumani. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalipanda meli Kisumu, yakavuka Ziwa Victoria na kuivamia Bukoba. Moja ya malengo makuu yalikuwa kituo cha redio cha mji huo, na walikiharibu.

Tafakari hilo. Miji miwili ya nchi yetu ilipigwa kwa sababu ilikuwa na mlingoti. Mlingoti haukimbii wala haujifichi. Ndiyo maana wanajeshi wa kila nchi walitamani redio inayoweza kubebwa na kuhama.

Lakini redio ya kubeba iliyogusa maisha ya watu wetu zaidi haikuja kwa vita. Ilikuja kwa matibabu, na mizizi yake iko Australia. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1920, fundi Alfred Traeger wa mji wa Adelaide alikabiliwa na swali ambalo mtu wa kijijini analielewa vizuri: utaendeshaje redio mahali pasipo na umeme? Jibu lake lilikuwa pedali kama za baiskeli. Mtumaji anakaa, anakanyaga pedali zinazozungusha mtambo wa umeme, na mikono inabaki huru kwa kazi ya mawasiliano. Huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ilianza Australia mwaka 1928, na redio hizo zikawawezesha watu wa mashamba ya mbali kumwita daktari.

Wazo la daktari wa angani lilifika kwetu mwaka 1957, madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walipoanzisha shirika ambalo leo tunalijua kama AMREF, makao yake Nairobi. Ndege bila mawasiliano haimsaidii mgonjwa, kwa sababu rubani hajui aende wapi. Hivyo redio za upepo zikawekwa kwenye hospitali za mbali na vituo vya misheni. Muuguzi aliyekwama na mgonjwa mahututi aliweza kuzungumza na Nairobi, akaomba ushauri au ndege.

Redio hizo za hospitali zilikuwa tofauti na za askari. Zilitumia mawimbi ya masafa mafupi, yale yanayopanda juu angani, yakagonga tabaka la hewa yenye chaji na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana redio ya Nairobi ilisikika mamia ya kilomita bila mnara wowote katikati. Redio ya mkononi ya mlinzi hutumia mawimbi mengine, yanayokwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kilima kikikaa katikati, mawasiliano yanafifia au yanakatika. Masafa mafupi nayo yana tabia yake: yanabadilika mchana na usiku, kwa sababu tabaka lile la juu linabadilika jua linapochomoza na kuzama. Ndiyo maana wasikilizaji wa zamani wa idhaa za nje wanakumbuka stesheni zilizosikika vizuri usiku na kupotea mchana.

Mfano mwingine ni wa Uganda. Mwaka 1996, katika wilaya ya Iganga, ulianza mradi uliosaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa redio za upepo za kubeba, na vituo vya afya na gari la wagonjwa vikawekewa redio pia. Uchungu ukienda vibaya, mkunga hakulazimika kutuma mtu kwa baiskeli usiku. Alibonyeza kitufe.

Kwa nini zilinyamaza

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 simu za mkononi zilianza kuenea, na katika miaka ya 2000 zikafika vijijini. Simu ina mambo ambayo redio ya upepo haina. Mazungumzo ni ya wawili, hayasikiki na kila mwenye redio. Huhitaji kusema "ova". Unatuma pesa, picha na ujumbe. Hakuna aliyelazimishwa kuacha redio ya upepo. Kazi yake ilihamia kwenye simu. Betri ilipokufa haikununuliwa nyingine, fundi alipostaafu hakuletwa mwingine, na redio ikaingia stoo.

Huo haukuwa ujinga, kwa sababu simu ilileta faida kubwa. Lakini kuna jambo tulilolipoteza bila kulijadili. Redio mbili za upepo zinaongea zenyewe. Hazihitaji mnara, kampuni, vocha wala waya wa chini ya bahari. Simu yako, hata ukiwa unamwita jirani aliye ng'ambo ya korongo, lazima ipite kwenye mnara, na mnara unahitaji umeme na kiungo cha kuupeleka ujumbe mbele.

Matukio ya karibuni yametukumbusha. Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu Hispania yote na Ureno bara. Baada ya muda simu nyingi zikakosa mtandao, na watu wa miji mikubwa ya Ulaya wakaonekana wamezunguka redio ndogo ya betri barabarani kusikia kinachoendelea. Haya yalitokea kwenye nchi tajiri, mchana kweupe.

Wapo watakaosema kwamba kila tatizo la mtandao lina dawa yake: minara zaidi, betri kubwa zaidi, simu za setilaiti. Ni kweli, na tunazihitaji. Lakini mvuvi ambaye injini imezimika ziwani, au mhudumu wa zahanati ambaye barabara yake imekatwa na mafuriko, anahitaji njia ya pili leo. Njia ya pili ya bei nafuu iliyothibitika kwa miaka mingi ni redio ya upepo. Kabla ya kuuza iliyoko stoo kwa bei ya vyuma chakavu, ni haki kujua kwanza ni kitu gani.

Jinsi ya kuisoma redio ya zamani

Mtu hahitaji shahada kufanya uchunguzi wa mwanzo. Anahitaji macho, daftari na subira.

Anza na kibandiko au kibao. Kwa redio ya mkononi huwa nyuma, mara nyingi chini ya betri. Andika jina la kampuni, modeli, namba ya kifaa, nchi na masafa. Redio za jeshi huwa na kibao cha chuma chenye herufi. Katika mfumo wa Marekani, PRC ina maana yake: P ni ya kubebeka, R ni redio, C ni mawasiliano ya pande mbili. Vifaa vya jeshi la Uingereza hupigwa alama ya mshale mpana, unaofanana na unyayo wa kuku. Ukiuona mshale huo, jua kifaa kilikuwa mali ya serikali ya Uingereza.

Pili, linganisha modeli na miaka yake. Hapa simu yako inasaidia: andika jina na namba ya modeli, utafute ilitengenezwa lini na ikakoma lini. Kama inasemekana ilikoma miaka 10 iliyopita na muuzaji anakuonyesha iliyo ndani ya nailoni, ikinukia kiwandani, uliza. Huenda ni mali ya stoo ya zamani kweli. Huenda ni bandia.

Tatu, tazama betri peke yake. Betri na redio mara nyingi zina historia mbili tofauti. Redio inaweza kuwa ya miaka ya 1990 na betri ya mwaka jana, kutoka kampuni isiyojulikana. Andika jina lililo kwenye betri na tarehe, kama ipo.

Nne, kwa redio za zamani zaidi, kuna kristali. Hiki ni kipande kidogo cha jiwe la kwatsi ndani ya kasha la chuma, na ndicho kilichoamua redio isikike kwenye chaneli gani. Juu ya kasha huandikwa masafa yake kwa tarakimu. Kristali ni kama ufunguo wenye namba ya mlango: ukilinganisha tarakimu hizo na daftari la zamani la kituo, unaweza kujua redio ilikuwa ikiongea na nani. Kristali zikiwa zimeng'olewa, mlango nao umepotea. Kwa hiyo usimruhusu mtu azitoe "kwa ajili ya kuuza".

Tano, na hili ndilo la haraka kuliko yote, tafuta watu. Mwendesha redio wa hospitali ya misheni wa mwaka 1970 aliyekuwa na miaka 25 ana miaka zaidi ya 75 sasa. Muulize jina la kituo hewani lilikuwa nani, saa za kuitana zilikuwa ngapi, umeme ulitoka wapi, na ni wito gani hawezi kuusahau. Kwa ruhusa yake, mrekodi kwa simu. Kibandiko kitangoja miaka 50 mingine; mzee huyo hatangoja.

Mwisho, tafuta karatasi. Vituo vingi viliandika daftari la mawasiliano: tarehe, saa, nani aliita, alitaka nini. Daftari moja lililonusurika mchwa linaweza kutuambia kuhusu kipindupindu, mafuriko na uzazi wa kijiji kizima kuliko redio kumi zilizokufa.

Hatari za kweli na sheria

Hatari ya redio kuukuu kwa kawaida si bomu. Ni mambo madogo yanayodhuru polepole. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zina sumu. Zikivuja usizishike kwa mikono mitupu, usizichome moto, na usiwape watoto wachezee. Betri ya lithiamu iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Redio ya valvu inaweza kubaki na umeme wa kukudhuru hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo usiifungue kama si fundi. Vifaa vingine vya jeshi vya wakati wa Vita Kuu ya Pili vilipakwa rangi inayong'aa gizani yenye radiamu, ambayo ina mionzi. Usiikwangue.

Na kama redio ina uzito usio wa kawaida, betri imefunguliwa na kuunganishwa upya, au hujui kabisa imetoka wapi na imekutwa mahali pa mashaka, iache ilipo na umjulishe mwenyekiti wa kijiji au polisi. Hasa katika maeneo yaliyowahi kuwa na vita, kama mashariki mwa Kongo, kifaa cha jeshi kilichotelekezwa si cha kuokota.

Kuhusu sheria, kuimiliki redio kama kumbukumbu ni jambo moja; kubonyeza kitufe na kutuma sauti ni jambo jingine. Masafa ya hewani ni mali ya umma na yamegawanywa: polisi wana yao, ndege zina zake, meli na kampuni za ulinzi vilevile. Ukituma hovyo unaweza kumziba rubani au gari la wagonjwa. Tanzania, anayesimamia hili ni TCRA, na sheria yake kuu ni ile ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC, Rwanda ni RURA. Kabla ya kikundi chenu cha ulinzi au cha wavuvi kununua redio, ulizeni kwanza kibali, chaneli mtakayopewa, na kama modeli hiyo inaruhusiwa. TCRA ina ofisi za kanda. Si lazima kwenda Dar es Salaam.

Mambo matatu ya kuamua

Kamati ya zahanati, serikali ya kijiji au uongozi wa mwalo wenye redio ya zamani stoo una mambo matatu ya kuamua.

La kwanza ni kama redio hiyo inafaa kurudi kazini. Redio ya masafa mafupi ya miaka ya 1980 au 1990, kama zile za Codan zilizotengenezwa Adelaide, mji uleule wa Traeger, inaweza kuwa nzima ikihitaji betri, paneli ya jua, antena na kibali. Fundi mwenye ujuzi aiangalie kabla haijaitwa takataka.

La pili, kama haifai kazi, ni nani ataitunza. Shule ya sekondari inaweza kuitumia kufundishia fizikia. Makumbusho yanaweza kuipokea. Lakini ikienda bila maelezo ya nani aliitumia na wapi, inakuwa boksi tu.

La tatu ni njia ya pili ya mawasiliano. Kila kijiji kijiulize: mnara ukizimika usiku wa mvua na mama mjamzito yuko hatarini, tunamwita nani, kwa kutumia nini? Kama jibu ni pikipiki tu, basi tuko nyuma ya Iganga ya mwaka 1996.

Msikilizaji, kama wewe au mzazi wako mliwahi kuendesha redio ya upepo hospitalini, shambani, hifadhini au ziwani, tutumie ujumbe wa sauti kwa njia unayotumia siku zote kuwasiliana na kituo. Taja mahali, mwaka kama unaukumbuka, na jina la kituo chenu hewani. Ukituma picha ya redio, piga na ya kibandiko cha nyuma, ila usiifungue. Ova.